Pima alama ya tope kabla ya kuuliza hasara
Ukikadiria hasara ya mafuriko ya mto, kama tulivyofanya Kasese, magharibi mwa Uganda, usianze na "umepoteza shilingi ngapi?" Chukua tepu, pima kutoka sakafuni hadi mstari wa tope ukutani, mapema kabla watu hawajaosha. Kina ndicho husema kilicholowa: sentimita 20 ni magunia na godoro la chini, mita moja, karibu kila kitu. Kisha thamini vitu kwa hali vilivyokuwa nayo, si kwa bei ya vipya dukani (hapo ndipo hesabu hufura). Mbinu hii haifai pale mto Nyamwamba wa Kasese uliposhusha mawe ya milima ya Rwenzori, kama Mei 2013 na 2020: maji ya magotini yenye mawe hubomoa nyumba nzima. Mashambani, uliza maji yalikaa siku ngapi.