Somo: Kutafuta machapisho ya utafiti bila kuishia Google ya kawaida

Juzi nilikaa na kijana wa mwaka wa tatu anayeandika kuhusu sumukuvu (aflatoxin, sumu inayotokana na ukungu) kwenye mahindi. Alikuwa ameingiza kichwa kizima cha utafiti wake kwenye Google, mstari na nusu, akaambulia habari za magazeti na matangazo ya vipimo. Tukaanza upya.

Hatua ya 1. Vunja mada ibaki maneno matatu au manne. Yeye alibaki na aflatoxin maize Tanzania. Ukiandika "sumukuvu" utapata zaidi habari na vipeperushi vya wakulima. Majarida ya sayansi mengi yameandikwa kwa Kiingereza, ndiyo hali yenyewe.

Hatua ya 2. Maneno yale yale yapeleke kwenye zana tofauti. Hapa usiwe na haraka. Google Scholar, iliyoanza 2004, inavua kila kitu, dagaa na papa: jarida makini na lile linalochapisha yeyote aliyelipa vinakaa pamoja, kuchambua ni kazi yako. Ninachoipendea ni kiungo cha "Cited by". Tulipata ripoti ya mlipuko wa ugonjwa wa sumukuvu Kenya wa 2004, wagonjwa 317 na vifo 125, tukabofya hapo, wakajipanga wote waliokuja kuinukuu. PubMed imesimamia afya na tiba. Ukiiuliza bei za mahindi sokoni hamtaelewana. BASE, ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, inapekua hazina za vyuo (maghala ya mtandaoni ya machapisho yao), na unaweza kuiagiza ilete vya bure tu. AJOL (African Journals Online) inakusanya majarida yanayochapishwa Afrika. Wanafunzi wetu wengi hawaigusi kabisa, nami sielewi kwa nini.

Hatua ya 3. Kwa tasnifu za vyuo vyetu, rudi Google ya kawaida uandike: aflatoxin maize site:ac.tz filetype:pdf. Usiache nafasi baada ya nukta pacha. Kwa Kenya weka ac.ke, Uganda ac.ug.

Hatua ya 4. Andika daftarini zana, maneno uliyotumia na tarehe. Msimamizi atauliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, andiko nililolitaka linadai dola 40. Nifanyeje?
Jibu: Usilipe kwanza. Kwenye Scholar bofya "All versions", mara nyingi nakala ya bure imelala kwenye hazina ya chuo cha mwandishi. Ikishindikana, muulize mkutubi kama chuo chenu kimo kwenye Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, au mwandikie mwandishi mwenyewe barua pepe fupi. Wengi hutuma.

Swali: Si nimwombe ChatGPT anipe orodha ya marejeo, yaishe?
Jibu: Akupe maneno ya kutafutia, sawa. Marejeo, hapana. Hutunga andiko lenye mwandishi, mwaka na kurasa, kumbe halipo duniani. Kila DOI (namba ya utambulisho ya andiko) ibandike doi.org uone inafunguka wapi.

Swali: Mimi nasoma isimu ya Kiswahili, hizo zana zinaniletea vitu vichache mno.
Jibu: Ni kweli, dada. Anza journals.udsm.ac.tz, yamo majarida yaitwayo "Kiswahili" na "Mulika". Kisha kwenye Scholar andika istilahi ya Kiswahili ndani ya alama za kunukuu, mfano "ngeli za nomino".

Swali: Na bando?
Jibu: Soma ikisiri kwanza, ule muhtasari wa mwanzo wa andiko. PDF zipakue siku ukiwa kwenye waifai ya maktaba.