Gitaa la gemu la mtumba: ulizia kidude cha USB kwanza

Ukikuta gitaa la Guitar Hero, ile gemu ya kupiga muziki, la mashine ya gemu ya PS3 (PlayStation 3) linauzwa bei ya kutupa, kabla hujatoa hela ulizia kile kidude cha USB kinachochomekwa kwenye mashine. Bila hicho gitaa ni pambo tu, na cha modeli nyingine mara nyingi hakikubali. Gitaa lisilo na waya la Xbox 360, mashine nyingine ya gemu, halikihitaji. La Wii, nayo mashine ya gemu, unapachika rimoti ya Wii ndani yake.

Kisha bonyeza vitufe vyote vitano, kijani hadi chungwa, huku ukipiga ile swichi ya katikati, inayokaa mahali pa nyuzi, juu na chini. Kama shingo ni ya kuchomoa, itikise kidogo. Vitufe vikikatakata, huenda pini za kwenye kiungio zimechafuka, zifute kwa spiriti. Swichi iliyochoka, hiyo ni ya fundi, kwa hiyo shusha bei.