Somo: Kuweka hosteli za wanachuo kwenye OpenStreetMap bila kuwachanganya wasafiri

Wakuu habari zenu. Kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria ya dunia tunayoichora wenyewe, kuna hii tagi (lebo inayosema kitu ni nini) ya tourism=hostel, mtu akisikia tu hosteli anaibandika hiyo hiyo, wakati ile ni ya wageni wanaolala usiku mmoja mmoja kwa bei nafuu. Matokeo yake msafiri anafungua app za ramani kama OsmAnd au Organic Maps anatafuta pa kulala anaelekezwa kwenye geti la wanachuo usiku na begi lake. Tuirekebishe, ni kazi ndogo.

Hatua ya 1. Chora kila jengo peke yake kwa picha ya setilaiti. Magufuli Hostels pale UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), zilizofunguliwa 2017, ni majengo 20 ya kubeba wanafunzi 3,840, sasa mtu akizungushia boksi moja kubwa akaliita jengo anakuwa ameharibu kabisa. Kona zikipinda bonyeza Q, programu za kuchorea iD na JOSM zote zinanyoosha.

Hatua ya 2. Kila jengo weka building=dormitory (jengo la bweni), kisha building:levels (idadi ya sakafu). Hapa ndo wengi wanakosea, maana ile sakafu ya chini nayo inahesabiwa, kwa hiyo jengo lenye chini na juu mara moja ni 2, sio 1.

Hatua ya 3. Eneo lote lenye uzio lipe amenity=student_accommodation (makazi ya wanachuo), name (jina) na operator (anayeiendesha). Kama una uhakika na idadi ya vitanda weka capacity, kama huna acha. Operator ina maana sana kwa hosteli kama Mabibo, ambayo ni ya UDSM lakini iko mbali na kampasi kuu, bila hiyo mtu hajui ni ya nani.

Hatua ya 4. Magheto yaacheni. Nyumba ya familia iliyopangisha vyumba viwili kwa wanachuo ni building=house, basi. Nani anaishi humo sio data ya ramani.

Ukimaliza andika maelezo ya mabadiliko yanayoeleweka ndo upandishe.

MASWALI

— Kaka, kuna fleti za kawaida chuo kimekodi jengo zima, niweke dormitory?
Hapana, building inaeleza jengo lilivyojengwa, so libaki apartments. Matumizi ya sasa ndo unayaonyesha kwa amenity=student_accommodation. Chuo kikihama unafuta hiyo tu, jengo haliguswi.

— Niko Juja, Kenya, hosteli zetu ni za watu binafsi na chini kuna duka.
Poa, tagi ni zile zile, ila operator usiweke chuo. Duka liwekee nodi (nukta) yake ndani ya jengo, shop=convenience.

— Mabweni ya sekondari je?
building=dormitory, ndani ya eneo la amenity=school. Ile ya student_accommodation usiiweke, bweni ni sehemu ya shule yenyewe.

— Mkuu majina naweza kuyachukua Google Maps? Niko mbali na site.
Usifanye hivyo, leseni hairuhusu, na yakigundulika yanafutwa pamoja na kazi yako nyingine. Chora majengo tu, jina acha wazi, uache noti pale kwenye ramani ili aliye karibu apite asome kibao.

— Dada hapa, hosteli ya wasichana watupu?
female=yes inatosha dada yangu. Mambo ya walinzi wako upande gani au geti la nyuma linafungwa saa ngapi tusiyaandike popote.