Jinsi ya Kupima Athari ya Fuvu katika Picha za Ubongo za Fotoakustiki

Katika upigaji picha wa fotoakustiki, leza humulika ubongo kwa mapigo mafupi mno, damu ikafyonza mwanga, ikapata joto kidogo na kutanuka ghafla, na kutanuka huko huzaa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, ambayo vihisi huyapokea nje ya kichwa. Fuvu huyapotosha mawimbi hayo njiani, na mwanafunzi hulielewa jambo hili vyema zaidi akilipima mwenyewe.

Nunua kichwa cha mbuzi buchani, Nakuru au Kisumu, kisha ukate kipande bapa cha fuvu na kukwangua nyama yote bila kuuchemsha mfupa. Kinachopaswa kuchemshwa ni maji ya kutumia, ili hewa iliyoyeyuka ndani yake itoke. Pale Nakuru yatatokota kwenye nyuzi joto 94 hivi za Selsiasi kwa sababu ya mwinuko. Yakishapoa, loweka mfupa humo usiku kucha, maana hewa inayobaki katika vijitundu vyake huzuia mawimbi kuliko mfupa wenyewe, na vipimo vingi huharibikia hapa.

Vaa miwani ya kinga inayolingana na leza yako. Tandaza uzi mweusi ndani ya tangi la maji, uumulike kutoka upande usio na mfupa, urekodi wakati wimbi linapofika kwenye kihisi. Kisha uweke mfupa kati ya uzi na kihisi bila kusogeza kitu kingine chochote, urekodi tena. Tuseme mfupa una unene wa milimita 3. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, na ikiwa ndani ya mfupa inafikia mita 3,000, wimbi litawahi kwa mikrosekunde 1, na picha isiyosahihishwa itauonyesha uzi ukiwa karibu zaidi kwa milimita 1.5. Kosa hilo haliondoki kwa kukuza nguvu ya mawimbi.

Rudia kwa kihisi cha masafa ya juu zaidi, yaani kinachopokea mitetemo mingi zaidi kwa sekunde, nawe utaona wimbi likififia zaidi. Halafu uinamishe mfupa kidogo kidogo: ukipita pembe ya digrii 30 hivi, mawimbi ya kawaida, yanayotetema kuelekea yanakokwenda, hurudishwa, na yanayopenya ni yale ya mkato, yanayotetema kwa kukingama na njia yao, yenye kasi ndogo.

Fuvu la panya ni jembamba, hivyo huvumilika. La mtu mzima ni nene na lina tabaka la kati lenye vitundu linalotawanya mawimbi, kwa hiyo watafiti hutumia picha za CT (eksirei za tabaka kwa tabaka) kukadiria umbo na kasi kabla ya kusahihisha. Kwa mtoto mchanga, kihisi huweza kuwekwa juu ya utosi, ambapo mfupa haujaungana.