Upinde wa jadi: kinga ya vidole na mahali pa kutulizia mkono usoni

Bunduki ina alama mbili za kulengea, ya mbele na ya nyuma. Upinde wa jadi una ncha ya mshale tu. Alama ya nyuma ni uso wako, pale mkono unaovuta unapotulia. Mshale wa sentimita 70 ukihama sentimita 1 tu kwenye kisigino (mwisho wake wa nyuma), kwa mita 10 unakosa kwa sentimita 14 hivi.

Wengi huanza na uso. Mimi naanza na vidole, kwa sababu kidole kinachouma huachia kabla mkono haujafika usoni.

Hatua ya 1: Kinga
Kwa fundi viatu, omba kipande cha ngozi ya ng'ombe, unene milimita 2 hivi, upande mmoja laini. Weka vidole vitatu juu yake (shahada, cha kati, cha pete), chora mpaka mashinani, ukate. Toboa tundu la kuvishia kidole cha kati, kisha pasua kati ya shahada na cha kati, mshale upate pa kukaa. Upande laini ndio unaogusa ugwe (kamba ya upinde). Ngozi iishie sawa na ncha za vidole. Yangu ya kwanza niliiacha ndefu. Ikawa inajikunja na kung'ang'ania ugwe, mishale inakwenda kushoto, nami nalaumu upinde.

Glovu pia inafaa. Mkono mtupu, hapana: ncha ya kidole ikiingia ganzi, neva imeumia, na sugu haiikingi. Pumzika mpaka iishe.

Hatua ya 2: Kushika ugwe
Shahada juu ya mshale, viwili chini, ugwe kwenye pingili ya kwanza. Usiubane mshale. Nyuma ya kiganja iwe bapa. (Wamongolia na Waturuki huvuta kwa kidole gumba, hiyo ni shule nyingine.)

Hatua ya 3: Usoni
Tumia upinde mwepesi, wa nguvu ya kuvuta ya paundi 20 hadi 25. Tafuta kitu kigumu, si nyama, maana shavu hucheza. Mimi naweka ncha ya shahada kwenye pembe ya mdomo mpaka nalisikia jino la chonge kwa ndani. Ongeza alama ya pili: unyoya wa mshale uguse pua, au gumba likae nyuma ya taya. Funga meno; ukiachama, taya hushuka na mkono nao, kisha mshale hupita juu ya shabaha. Na ugwe ndio uje usoni. Usiufuate kwa shingo.

Hatua ya 4: Macho yafumbwe
Ukiwa mita 3 kutoka kwenye gunia lililoshindiliwa, mshale ukiwa ugweni, fumba macho, vuta, tulia, kisha fumbua uone mkono uko wapi. Rudisha ugwe polepole. Usiachie kamwe ugwe bila mshale, upinde unaweza kupasuka. Nilikaa wiki mbili hapa, na kwa kweli inachosha.

Hatua ya 5: Soma shabaha
Rudi nyuma hadi mita 10, piga mishale sita. Ikitawanyika juu na chini, mkono hautulii mahali pamoja, au mara nyingine huvuti mpaka mwisho. Ikienda kushoto, kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, huenda mkono umeachana na shavu. Na siku utakayobadili ngozi, hata kwa iliyozidi unene kidogo tu, rudi hatua ya 3.