Kumfunza mtoto wa mbwa asing'ate

Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hang'ati kwa ubaya. Kila kitu anakipima kwa mdomo, na yale meno 28 ya utoto ni makali kama sindano. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita yanang'oka kupisha meno 42 ya ukubwani, fizi zinamsumbua, basi hapo hata mguu wa kiti hausalimiki. Usingoje eti ataacha mwenyewe. Meno yatang'oka, tabia itabaki.

Asitengwe na mama yake kabla ya wiki 8. Akimng'ata nduguye kwa nguvu, nduguye hulia na mchezo hukatika. Ndivyo anavyojifunza kupima taya. Ukimchukua wa mwezi mmoja, kazi hiyo inakuangukia wewe.

Meno yakigusa ngozi, sema "basi" mara moja kwa sauti ya kawaida, ulegeze mkono. Ukiuchomoa ghafla anadhani unamchezesha. Simama, mpe mgongo, kunja mikono kwa sekunde 20 hadi 30. Akikufuata visiginoni, toka ufunge mlango kwa muda huohuo. Ukirudi mpe kitu cha kutafuna. Akikishika, msifu na umpe kipande cha dagaa mkavu aliyeoshwa chumvi ikatoka. Dakika 5 za mazoezi zinatosha, mara tatu au nne kwa siku, alfajiri na baada ya alasiri, maana joto la Tanga la saa saba mchana halimfai. Akianza kukurupuka na kung'ata ovyo jioni, mara nyingi ni usingizi: umri huu hulala saa 18 au zaidi kwa siku. Mlaze.

Cha kutafuna, sokota khanga kuukuu, piga mafundo matatu, lowesha, weka kwenye friza kwa muda wa saa mbili. Ubaridi hutuliza fizi. Mtazame anapotafuna, na khanga ikianza kuchanika itupe. Kamba ya katani haikosekani Tanga, ila nyuzi zake zikimezwa huweza kuziba utumbo. Makumbi ya nazi vilevile. Mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana. Kandambili kuukuu pia usimpe: atajuaje mpya ni ipi?

Pindo la kanzu au baibui linalopepea humtia wazimu. Mfunge kamba ya mita moja na nusu, mtu apite polepole mbele yake; akitazama bila kuruka, dagaa. Akilidaka, mwenye nguo asimame tuli. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao pwani ndio wengi, nguo iliyopata mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kwa hiyo mazoezi yafanyikie uani kwako, si kwenye kanzu ya jirani anayekwenda Ijumaa.

Mafunzo huharibika zaidi nyumbani kwenyewe: baba anakataza, kijana anamchezesha kwa vidole, watoto wanakimbia wakipiga kelele. Wote watumie neno moja. Kumpiga mdomoni au kumbana taya kunamfundisha kuuogopa mkono, na mbwa mwenye hofu hung'ata kwelikweli.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akifika miezi mitatu, kisha arudie kama daktari wa mifugo atakavyopanga. Jino likitoboa ngozi, hata la kijibwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo. Kwa Tanga mjini ipo Bombo. Na akikakamaa mwili na kunguruma ukisogelea chakula chake, huo si mchezo tena. Usimnyang'anye bakuli, muite daktari wa mifugo amwone.