Bundi wa Shanty Town Moshi: jinsi ya kuwajua na kuishi nao mwaka mzima

Kwa wasioijua Moshi, jina lisiwadanganye, Shanty Town ndio kwenye viwanja vikubwa na miti ya zamani, mijakaranda, migrevilea, ukipandisha kidogo unakuta kahawa na migomba. Bundi wamejaa na wengi wanakaa nao miaka bila kujua.

Anza na masikio, macho baadaye. Saa moja jioni zima TV toka barazani. Ukisikia hu-hu ya haraka haraka yenye mdundo, halafu mwingine anajibu kwa sauti ya juu zaidi, huyo ni bundi wa msituni, ana macho meusi, kichwa mviringo hakina "masikio", anayejibu kwa sauti ya juu ni jike. Ukisikia mkwaruzo kama mtu anachana turubai, huyo ni yule mweupe mwenye uso kama kopa. Huyu halii hu-hu kabisa.

Mchana fuata mashore. Wakipiga kelele kwa pamoja kwenye mti mmoja, angalia karibu na shina, kama sio nyoka basi ni bundi. Chini tafuta mavi meupe kama chokaa na madonge ya manyoya na mifupa, anameza panya mzima mzima halafu kisichosagika anakitapika. Lipasue na kijiti utakuta fuvu la panya humo.

Masika usihangaike sana, mvua inafunika sauti na yeye mwenyewe anawinda kwa kusikia. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, ni baridi lakini usiku umetulia, vaa sweta ukae nje. Vuli ikianza ndo raha yenyewe, kumbikumbi wanatoka, wadudu wanajaa kwenye taa za getini, bundi wa msituni anapenda sana wadudu kwahiyo anakuja mwenyewe. Usimmulike tochi machoni, mulika pembeni.

Sasa ile ishu ya dari. Watu wanasikia kitu kinakoroma juu usiku kucha wanaita mchungaji, kumbe ni vifaranga wa bundi mweupe wanadai chakula. Sisi mlinzi wetu aligoma kulala kule nyuma wiki nzima, eti bundi anatabiri msiba, nikampandisha ngazi akachungulia, siku hizi yeye ndo anatuonyesha wageni. Tundu usilizibe vifaranga wakiwa ndani, subiri waruke.

Sumu ya panya acha kabisa, hapa sina utani. Panya hafi papo hapo, anazunguka siku kadhaa amelewa na damu yake haigandi, bundi anamkamata kirahisi na sumu inaingia kwake. Tumia mtego wa kawaida, au mwachie bundi kazi.

Mti mzee wenye shimo usiukate kama haujainamia nyumba, ndo wanapotagia. Na ukikuta kinda chini usikimbilie kumweka kwenye boksi la viatu, mara nyingi ametoka tu kiotani kabla hajajua kuruka na wazazi wapo hapo juu. Mbwa afungwe, kinda mpandishe kwenye tawi ukiwa na taulo mkononi, jikinge uso maana mama yake anaweza kukushukia bila hata kumsikia, mabawa yake hayatoi sauti.